Moja Juu ya Korija

Alhamisi. Kibiti imefunikwa na mawingu tangu asubuhi lakini mvua haishuki. Mtoto anaota meno, tumekesha wawili, na leo kichwa changu kizito kama gunia la mpunga uliolowa.

Duka nimelifungua hivyo hivyo. Steshenari yenyewe ni kompyuta mbili kuukuu, mashine ya fotokopi inayokohoa, na miye na mtoto mgongoni. Baba yake yuko Ikwiriri na msimu wa ufuta. Akinipigia simu jioni huniuliza kama mtoto kalala. Namjibu, mtoto ndiyo, mama yake bado.

Ila sikuja hapa kulalamika. Nimekuja kwa sababu ya namba.

Asubuhi aliingia kijana mmoja wa mtaa wa nyuma, anataka nimchapie tangazo la dua. Mzee wa nyumba ya jirani yao yuko taabani, watu wa msikitini wamekubaliana kumsomea Ijumaa baada ya alasiri. Mistari mitano tu, kaiandika kwa kalamu nyuma ya pakiti ya sigara. Mstari wa tatu ulisema: itasomwa Ya Latifu mara 16,640.

Nikasimamisha vidole.

"Mdogo wangu, hapa imepungua moja."

"Naijua, dada. Tumegawana watu ishirini, ile moja inatusumbua."

"Kwa hiyo mmeitupa?"

"Moja tu hiyo, dada'angu. Nani atajua?"

"Miye nitajua. Sichapi hivyo."

Alicheka, akadhani namtania. Kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka. "Haya, andika unavyotaka. Lakini hiyo moja uje uisome mwenyewe." Nikaandika 16,641. Nikamsikia pale nje akiwaambia wenzake kwamba mama wa steshenari ana ukali wa mwalimu wa hesabu.

Miye si mwalimu. Niliishia darasa la saba, nikajifunza kupiga chapa, nikaolewa. Sina namba nyingi kichwani: ya simu ya mume wangu, ya kadi ya kliniki ya mtoto, na hiyo. Ila hiyo naifahamu kama ninavyofahamu nyumba niliyozaliwa. Naijua milango yake yote, na ni michache.

Kwa asiyejua, Ya Latifu ni kumwita Mungu kwa jina lake la Mpole. Watu hulirudia jina hilo pakiwa na shida. Wengine husoma mara mia na ishirini na tisa. Shida ikiwa kubwa husomwa ile kubwa, elfu kumi na sita mia sita arobaini na moja, na kwa kuwa ni nyingi kwa mtu mmoja, watu hukaa kwenye jamvi wakagawana.

Miye ndiye niliyegawa, siku ile. Nilikuwa darasa la tano.

Tulikaa deltani, kwenye kisiwa cha matope na mikoko, kijiji ambacho nusu yake husombwa na maji kila baada ya miaka kadhaa watu wakahamia nusu nyingine. Baba alikuwa mkata mikoko. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, tena ya rangi, na mitumba ilifika mpaka kwetu, kina mama wakinunua makoti ya baridi kuwafunikia kuku wanaotamia. Wanunuzi wa kamba wa baharini walianza kuja na boti za mashine. Tuliposikia mngurumo kwa mara ya kwanza tulikimbilia ukingoni, na mbuzi nao wakakimbia, wao wakielekea upande wa pili.

Miti kule kwetu haihesabiwi mmoja mmoja. Inahesabiwa kwa korija, na korija ni ishirini. Wanaume wawili wanabeba, wa tatu anaimba hesabu, ikifika ishirini anakata kijiti anakichomeka matopeni. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuhesabu kabla sijaanza shule. Na kwetu ulikuwepo mwiko mmoja mdogo: mti unaozidi juu ya korija hauandikwi. Hutupwa chomboni, kwenye jahazi linalobeba miti, ukawa wa mabaharia, wapikie au wazibie. Hakuna aliyeugombea. Kuugombea kulikuwa aibu.

Watu wote pale kwetu walihesabu hivyo. Mayai, samaki, siku za kumwangalia mzazi aliyejifungua. Kilichozidi juu ya ishirini, ukakitupa chomboni.

Siku hiyo Mama alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Mchana mkunga alitoka chumbani akijifuta jasho kwa upindo wa kanga, akasema mtoto kalala mshazari, hili si la kwangu tena, avushwe hospitali. Boti ya mnunuzi wa kamba ilikuwepo. Nahodha wake hakuuliza mara mbili, alikwenda moja kwa moja kuwasha mashine.

Lakini maji ya bahari yalikuwa yametoka. Mkono wa mto ulikuwa umekauka, boti imelala ubavu kwenye tope kama ng'ombe mgonjwa. Maji yakitoka kule kwetu, huwezi kufanya lolote. Huwezi kutembea, utazama mpaka kiunoni. Huwezi kusukuma. Unakaa unayangojea.

Baba na wanaume wengine walisimama ukingoni wakilitazama tope.  Mpaka leo nikifumba macho naiona migongo yao.

Bibi, mzaa baba, alikuja uani kwetu na jamvi kwapani. Alilitandika yeye mwenyewe, akatia ubani kwenye chetezo, akaita wanawake. "Tusomeni Ya Latifu. Ile kubwa."

Shangazi Asha, dada yake Baba, alikuwa mtu wa haraka. "Ile kubwa, mama? Si tungesoma ile ya mia na ishirini na tisa, tukamaliza?"

"Tumalize twende wapi? Maji yenyewe umeyaona?"

Shangazi akakaa.

Kisha Bibi akanitazama miye, nimejibanza mlangoni kwa Mama. Alikuwa na utani wa mabibi wa kwetu, akiniita mke mwenzake kwa kuwa Babu alikuwa mume wangu pia. "Mke mwenzangu, njoo huku. Shuleni mmeshafundishwa kugawanya?"

"Tumefundishwa, Bibi."

"Haya. Tugawie."

Nikachukua kijiti, nikaiandika namba kwenye udongo wa uani. Nikahesabu vichwa jamvini. Tisa. Mwalimu wetu alitufundisha ujanja mmoja: ukitaka kujua kama tisa itaingia kwenye namba, jumlisha tarakimu zake. Moja na sita na sita na nne na moja. Kumi na nane. Kumi na nane inagawanyika kwa tisa, basi na namba yote itakubali.

Ikakubali. Elfu moja mia nane arobaini na tisa kila mtu, bila baki hata moja. Sijawahi kuona kitu safi namna ile. Kule ndani Mama anaugua, na miye nimechuchumaa juu ya udongo, nimefurahi. Sijui kama mtu mzima anaweza kuelewa. Mtoto anaweza kuwa na moyo wa namna mbili kwa wakati mmoja na usipasuke.

Mara tukasikia hodi. Alikuwa Bi Zena.

Bi Zena na Bibi walikuwa hawasemeshani. Ilikuwa habari ya sufuria iliyoazimwa kwenye harusi ikarudi imetoboka, kila mmoja akidai ilitobokea kwa mwenziwe. Wakikutana kisimani mmoja alikuwa akigeuka kutazama mikoko kama vile hajawahi kuiona.

Jamvi zima likamgeukia. Miye nikamwona Bi Zena anavua viatu, nikaona hesabu yangu inaharibika. Nikasema, tena kwa sauti:

"Bi Zena, tumeshatimia. Ukiingia wewe haigawanyiki."

Mungu anisamehe. Nilikuwa mtoto.

Shangazi Asha alicheka mpaka akajishika mbavu, siku ile ya msiba mtupu. Bi Zena kashika kiuno. "Alaa! Siku hizi dua ina bawabu?"

Bibi hakumtazama. Alinitazama miye. "Mke mwenzangu, mtu hafukuzwi duani kwa ajili ya hesabu. Futa hapo, anza upya." Kisha akaiambia hewa: "Mwambieni huyo mwenye sufuria akae. Jamvi ni pana."

Bi Zena naye akaijibu hewa: "Na yeye mwambieni nimekuja kwa ajili ya mkwewe. Sikumjia yeye."

Akakaa. Wote wakasogea.

Nikafuta kwa kiganja, nikaanza upya. Kumi. Elfu moja mia sita sitini na nne kila mtu, na moja inabaki. Nikarudia. Moja inabaki. Nikarudia tena nikiomba iondoke, ikabaki.

"Moja imezidi," nikasema.

Wakajibu karibu wote kwa pamoja, na nyote mliozaliwa kule kwetu mnajua walijibu nini. "Ya mabaharia hiyo." Mmoja akaongeza, "Itupe chomboni, mwanangu, tuanze." Hata Bi Zena aliitikia. Walikuwa wake wa wakata mikoko. Kilichozidi juu ya korija hakiandikwi, na ukiipunguza moja ile namba inakaa kwenye korija barabara, mia nane thelathini na mbili, hakuna kilichoning'inia. Hawakuwa wavivu wala wapuuzi. Ndivyo mikono yao ilivyozoea.

Bibi peke yake akavuta kikapu cha kuhesabia. Delta haina mawe, ni tope tupu, kwa hiyo tulihesabia simbi, yale makombe madogo ya pwani. Akachukua simbi tisa kutoka kwenye kikapu, akazipanga jamvini, tatu, tatu, tatu. Ukitazama huku tatu, ukitazama huku tatu.

"Jina lenyewe lina herufi nne za Kiarabu, na kila herufi ina hesabu yake," akasema. "Lamu ni thelathini. Twaa ni tisa. Yaa ni kumi. Faa ni themanini. Jumlisha, mke mwenzangu."

"Mia na ishirini na tisa."

"Basi ile kubwa ni hiyo mia na ishirini na tisa, mara hiyo hiyo mia na ishirini na tisa. Jina limetandikwa juu ya jina, kama hizi simbi." Akaondoa simbi moja ya pembeni. "Sasa hili ni jamvi au ni nini?"

Tukatazama. Pembe moja ilikuwa wazi.

 Shangazi Asha akasema, "Sasa nani aisome?" Na kila mmoja akamtazama mwenziwe, maana sasa ile moja ilikuwa nzito kuliko zile elfu za kila mtu.

"Ya aliyeihesabu," Bibi akasema. Akaniwekea ile simbi kiganjani. "Hiyo moja yako ya kusoma iweke mdomoni. Usiitoe mpaka nikupe ishara."

Wakaanza.

Nimesikia mengi tangu siku ile, redio, spika za mikutano, muziki wa baa ng'ambo ya barabara. Sijasikia tena sauti kama ile ya wanawake kumi wakilitaja jina moja kwa pumzi ndogo ndogo, kila mmoja kwa mwendo wake, mpaka linakuwa kama mvua kwenye makuti. Harufu ya ubani, ya tope, ya kamba waliochemshwa jirani. Kazi yangu ilikuwa korija. Kila mmoja akimaliza ishirini ananyoosha kidole, namvunjia njiti ya ufagio namwekea mbele yake.

Na kila Mama alipougua kule chumbani, nami nikageuza shingo, Bibi alikuwa akiuliza bila kufungua macho: "Bi Zena kafika korija ngapi?"

Nikamtazama Bi Zena. Nikahesabu njiti.

"Na Asha je?"

Nikahesabu za Asha.

Miaka yote nilidhani Bibi alikuwa anahofia watu wasikosee. Leo, nimekaa hapa na mtoto mgongoni, ndiyo naona. Yeye hakuhitaji hesabu zangu. Alikuwa ananiondoa mlangoni. Na ile kubwa aliichagua kwa sababu maji yalikuwa mbali, na watu wanaongoja bila kazi huanza kulia.

Bibi yangu, Mungu amweke pema. Alipima namba kwa kina cha tope.

Maji yalirudi kama yanavyorudi siku zote, kimya, kutoka pembeni, unashtuka tope limepata mng'ao. Boti ikainuka. Wanaume wanne wakamtoa Mama na kitanda chake cha kamba. Alipopita karibu nami aliutafuta mkono wangu, akaupata, akauachia. Midomo ilikuwa imempauka. 

Bibi aliingia majini na kanga zake mpaka mapajani, ameshika ubavu wa boti kama anayetaka kuizuia. Mkunga akapanda, Baba akapanda. Mashine ikanguruma. Hapo Bibi akaachia, akageuka, akanitafuta kwa macho ukingoni kati ya watu. Akanyanyua kidevu.

Nikaitoa ile moja, Ya Latifu. Mara moja.

Sikujisikia mwenyewe. Mashine ilikuwa inapiga kelele.

Siku zilizofuata ndizo ndefu zaidi nilizowahi kuishi. Habari hazikuja. Simu wakati ule hakuna, habari zilikuja na mtu, na mtu alikuja na maji. Miye nilipata ugonjwa wa ile namba. Nikitoka shule nachuchumaa palepale uani naigawanya. Nilishajua ni witiri, haikubali mbili. Nilishajua si tasa, maana tatu inaingia, na tatu tena. Kilichobaki ni ile elfu moja mia nane arobaini na tisa, nayo ilikuwa ngumu kama kifuu.

Nikaijaribu kwa saba, ikakataa. Kumi na moja, ikakataa. Kumi na tatu, kumi na saba, kumi na tisa. Kila siku namba moja au mbili, kwa mkono, kwa kijiti. Thelathini na saba nusura, ilikosa kwa moja tu, nikalia kwa hasira. Nadhani nililia na mengine humo humo, nikasingizia thelathini na saba. Nilianza kuamini kwamba ni tasa, haina mlango kabisa.

Halafu nikajaribu arobaini na tatu.

Ikaingia. Na jibu lake likawa arobaini na tatu hiyo hiyo.

Nilitoka mbio. Bibi alikuwa nyuma ya nyumba anapepeta mpunga. Aliponiona nakuja vile, mikono juu, napiga kelele, ungo ulimponyoka, mpunga ukamwagika wote. "Wamekuja? Wako wapi?"

Nikasimama.

"Hapana, Bibi. Arobaini na tatu. Mara arobaini na tatu."

 Nilidhani atanipiga. Kisha akakaa chini palepale juu ya mpunga, akanivuta, akaniweka mapajani, msichana mkubwa wa darasa la tano. "Haya," akasema, "niambie hiyo arobaini na tatu." Nikamwambia yote. Sidhani kama alisikia hata neno moja. Kuku walikula mpunga wakashiba.

Mama alirudi.

Alirudi na maji ya asubuhi, amekonda, kavaa kanga mpya aliyonunuliwa na Baba mjini. Alishuka mwenyewe kwa miguu yake. Mikononi hakuwa na kitu. Watu wa hospitali walifanya waliloweza, ila mtoto alikuwa amekawia sana njiani. Alikuwa wa kike. Baba alimzika kule kule bara.

Bi Zena alikuwa wa kwanza kuja kumpa pole. Alikuja na sufuria ya uji. Bibi akaipokea, akaitazama chini yake kwanza kama haijatoboka, na Bi Zena akasema, "Tazama, tazama vizuri," na wote wawili wakaanza kulia.

Miye nilikuwa na langu moja la kumwambia Mama. Nilingoja mpaka watu wametoka. Nikamwambia kwamba tulisoma ile kubwa, watu kumi, na moja ikazidi, na ile ya mwisho niliisoma miye, boti ilipoondoka.

"Nilikusikia," Mama akasema.

Haiwezekani. Mashine ilikuwa inanguruma sikioni mwake. Miye mwenyewe sikujisikia. Lakini Mama yangu hasemi uongo.

Leo, baada ya yule kijana kuondoka, nimeiweka ile namba kwenye kikokotoo cha kompyuta, nikaipekua tena kama mtu anavyopekua sanduku la nguo za zamani. Ina vigawo tisa tu. Moja, tatu, tisa, arobaini na tatu, mia na ishirini na tisa, mia tatu themanini na saba, elfu moja mia nane arobaini na tisa, elfu tano mia tano arobaini na saba, na yenyewe. Vigawo hutembea wawili wawili, kila mmoja na mwenzake: tatu na elfu tano na ushee, tisa na elfu moja na ushee. Isipokuwa mia na ishirini na tisa. Hiyo mwenzake ni yenyewe. Ndiyo maana idadi ya vigawo vyake ni witiri. Namba zote zenye kipeuo kamili ziko hivyo, mwalimu alisema, nami sikuelewa mpaka nilipoiona kwa hii.

Jirani yake wa chini, ile 16,640 ya kijana, nayo nimeipekua. Ina vigawo thelathini na sita! Karimu, haimnyimi mtu. Waje wawili, waje watano, wanane, kumi na watatu, ishirini, wote wanapata sawa. Simlaumu kijana. Ni namba nzuri ya kugawana. Namba mbili zimekaa mlango kwa mlango, zimeachana kwa moja, na hazifanani kwa lolote.

Kile kijiji sasa hakipo pale kilipokuwa. Maji yamekula ile nusu yetu, na uani pale nilipokuwa nikigawanya panapita boti. Bibi ametangulia, Bi Zena akamfuata mwaka huo huo, kama vile walikuwa hawajamaliza maneno yao. Shangazi Asha yuko Mkongo, analima, bado ana haraka. Wanaume wamezeeka, na miti siku hizi inahitaji kibali. Watoto wangu nikiwaambia korija wanadhani ni jina la mtu.

Napakumbuka. Sitaki kusema maisha yalikuwa mazuri, maana hayakuwa. Nakumbuka tu jamvi lile, na kwamba mtu aliyegombana nawe alivua viatu akakaa.

Mama yuko Ikwiriri kwa mdogo wangu wa kiume. Amezeeka vizuri. Tulizaliwa miye, huyo mdogo wangu, na mdogo wetu wa kike aliyeolewa Mbwara. Juzi alikuja karani kuandika watu wa kaya, akamuuliza Mama amezaa watoto wangapi. Mdogo wangu alinisimulia kwa simu huku anacheka, eti Mama umri umeanza kumchezea. Mama alimjibu karani, wanne.

"Nikamwambia, Mama, tuko watatu. Akanijibu, weye mwache aandike wanne, hukuwepo."

Mdogo wangu kweli hakuwepo. Alizaliwa baadaye. Miye ndiye niliyekuwepo.

Niliiweka simu chini, na mpaka leo sijasema kitu. Ndiyo kitu kinachonikesha, nikisingizia meno ya mtoto. Miaka yote hii nimeijua ile namba mpaka mifupa. Nimejua kila kinachoingia ndani yake na kila kinachokataa. Nimekuwa mama mara tatu, nimewatafutia wanangu majina tangu hawajaanza kucheza tumboni. Na hata siku moja sijamuuliza Mama kitu ambacho mwanamke yeyote angemuuliza mwenziwe.

Kesho sifungui duka. Wateja watanisamehe, na wasiponisamehe wakachapishe kwingine. Nitamfunga mtoto mgongoni nipande basi la asubuhi. Nitakaa na Mama jikoni kwanza, nimchambulie mchele, nisiwe na haraka ya shangazi Asha. Nitangoja mdogo wangu atoke aende sokoni.

Halafu nitamuuliza.

Mama, yule mtoto ulikuwa umempa jina gani?